Kugundua uvamizi kwenye mtandao wa chuo Tanga kwa akili unde: kutoka kwenye waya hadi kwenye tasnifu

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kujenga mfumo wa akili unde unaotambua uvamizi kwenye mtandao halisi. Tuchukue chuo cha kati Tanga mjini: kompyuta 60 hivi, Wi-Fi ya wanafunzi, ruta moja, na fundi mmoja wa TEHAMA ambaye ndiye huyo huyo anayeitwa printa ikigoma. Njia nyepesi ni kupakua data zilizoandaliwa nje, kufundisha modeli usiku kucha na kuripoti usahihi wa asilimia 99. Ukiishia hapo, fundi wa Chumbageni au Ngamiani hajapata chochote cha kumsaidia kazini, na mtahini anayeijua fani atakuuliza maswali usiyokuwa na majibu yake.

Sababu ni hizi. NSL-KDD, moja ya data hizo zilizoandaliwa, ilitoka 2009 na ni KDD Cup 99 iliyosafishwa, na KDD Cup 99 yenyewe imetokana na trafiki ya majaribio iliyoandaliwa MIT Lincoln Laboratory mwaka 1998. Humo hamna simu janja wala WhatsApp, na mawasiliano karibu yote yalipita bila kusimbwa. Mwaka 2003 Mahoney na Chan walichunguza data za DARPA (wakala wa utafiti wa ulinzi wa Marekani) za 1999, ambazo ni ndugu wa hizo, wakakuta kwamba thamani za TTL (namba inayopungua kila pakiti inapopita ruta) kwenye pakiti za mashambulizi zilitofautiana na za trafiki ya kawaida kwa sababu tu ya jinsi maabara ilivyopangwa. Modeli ikiiona TTL hiyo inafaulu mtihani bila kujifunza chochote kuhusu uvamizi.

CICIDS2017, data nyingine ya aina hiyo, ni ya karibuni zaidi, lakini ilinaswa kwa siku tano tu, kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 7 Julai 2017. Ukiifungua utakuta majina ya safu yenye nafasi tupu mbele, safu moja iliyojirudia, na safu za kasi zenye thamani isiyo na kikomo pale muda wa muunganisho ulipokuwa sifuri. Kubwa kuliko yote, Engelen na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba programu iliyotengeneza safu hizo huufunga muunganisho wa TCP mapema mno, hivyo pakiti chache za mwisho zinahesabiwa kuwa muunganisho mpya unaojitegemea. Data hizi zina kazi moja nzuri: kuhakiki kwamba msimbo wako unafanya kazi kabla data za Tanga hazijafika. Baada ya hapo ziweke kwenye sura ya kulinganisha, na matokeo makuu yatoke kwenye waya wa hapa.

Vibali kwanza, kebo baadaye

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo na kunasa mawasiliano bila idhini, na kuwa mtafiti si kinga. Anza na kibali cha maadili cha chuo unakosomea, kisha pata barua yenye sahihi ya mkuu wa taasisi inayomiliki mtandao. Barua hiyo itaje kifaa kitakachowekwa, mahali kitakapokaa, kitakachorekodiwa, kisichorekodiwa, na tarehe ya mwisho. Idhini ya mdomo ya fundi haitoshi, hata kama mmesoma pamoja.

Kwa kuwa anwani ya IP ikiunganishwa na muda inaweza kumtambulisha mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakuhusu. Ulizia kama taasisi imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na bandika tangazo la Kiswahili kwenye ubao na kwenye ukurasa wa kuingilia Wi-Fi. Liwe fupi na la kweli: tunarekodi nani kawasiliana na seva gani, lini, na kwa ukubwa gani, hatusomi ujumbe.

Na kweli usiusome. Kurekodi pakiti nzima ni mzigo usio na faida. Laini inayotumia wastani wa Mbps 5 hutoa karibu GB 54 kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo ni maudhui yaliyosimbwa yasiyosomeka. Rekodi muhtasari wa kila muunganisho: mstari mmoja una herufi kama 150, kwa hiyo miunganisho 200,000 kwa siku ni MB 30 tu, na siku 90 hazifiki GB 3. Zinaingia kwenye flashi.

Mahali pa kuchomeka

Unahitaji swichi inayoweza kunakili trafiki ya poti moja kwenda poti nyingine. Kwenye menyu yake tafuta palipoandikwa Port Mirroring. Swichi za bei ya chini zisizo na menyu haziwezi. Kwa upande wa kompyuta, Raspberry Pi 4 ya GB 8 inatosha mtandao wa ukubwa huu, ila kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika ni bora zaidi, kwa sababu moja ambayo Tanga ina uzito: saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika kisha ukarudi, inaamka na saa ya nyuma mpaka ipate intaneti ya kujisahihisha, na hapo katikati rekodi zako zinapata muda wa uongo. Kwa utafiti unaotegemea mpangilio wa matukio, huo ni uharibifu usiorekebishika. Weka UPS kwa kompyuta na swichi, na usianze kurekodi mpaka saa imethibitishwa.

Kompyuta hiyo iwe na kadi mbili za mtandao: moja ya kuingilia wewe, nyingine ya kusikiliza tu, isiyopewa anwani ya IP. Nakili poti iliyo kati ya swichi na ruta, upande wa ndani. Ukinasa upande wa nje wa ruta, kompyuta zote 60 zitaonekana kama anwani moja na hutajua nani kafanya nini. Lakini fahamu unachokikosa: trafiki ya kompyuta mbili zilizo kwenye swichi hiyo hiyo haipiti kwenye poti ya ruta, kwa hiyo programu hasidi inayoruka kutoka mashine ya mhasibu kwenda ya karani hutaiona. Kama swali lako la utafiti linagusa hilo, nakili VLAN nzima (kundi la poti linalotengwa kama mtandao wake), na kumbuka kwamba poti ya Gbps 1 inayopokea nakala za poti nyingi itazidiwa na kuanza kudondosha pakiti bila kukuambia.

Programu ya kurekodi ni Zeek, programu huria aliyoianzisha Vern Paxson mwaka 1995 kwa jina la Bro. Jina likabadilishwa 2018. Kabla ya kuiwasha, zima tabia ya kadi ya mtandao ya kuunganisha pakiti kadhaa kuwa moja kubwa:

ethtool -K eth1 gro off lro off

Usipofanya hivyo, idadi na ukubwa wa pakiti utakaorekodi hautakuwa ule uliopita kwenye waya. Amri hii haidumu mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo iingize kwenye huduma inayoanza pamoja na mfumo. Kisha andika anwani za ndani za chuo kwenye networks.cfg, washa skripti ya misc/capture-loss, na uanzishe kwa zeekctl deploy. Kila baada ya dakika 15 capture_loss.log itakuonyesha asilimia inayokadiriwa kupotea. Mimi huikubali siku ambayo upotevu uko chini ya asilimia 1. Siku zilizozidi hapo ziandike na uzitoe kwenye mafunzo.

Hewa ya bahari ni adui wa kimyakimya. Vichwa vya kebo vya RJ45 vilivyokaa karibu na dirisha upande wa Raskazone hushika kutu ya kijani kwenye meno ya shaba, mguso unalegea, pakiti zinaharibika njiani na kutumwa tena. Kwenye rekodi zako itaonekana kama kompyuta fulani ina tabia ya ajabu. Kabla ya kuanza, kagua vihesabio vya makosa kwenye kila poti ya swichi, na badilisha kebo yoyote ambayo kihesabio chake kinapanda.

Kusoma mstari mmoja mpaka uuelewe

Faili kuu ni conn.log. Kabla ya modeli yoyote, kaa na fundi wa mahali hapo msome mistari mia kwa macho. Mfano, umefupishwa:

1717196400  192.168.10.37  49822  203.0.113.14  445  tcp  -  S0  S  3  0

Namba ya kwanza ni muda kwa sekunde tangu 1970, kwa saa ya kimataifa. Tanga iko mbele kwa saa tatu, hivyo tukio la 23:00 kwenye rekodi ni saa nane usiku kwetu. Hakikisha wewe na fundi mnasema saa ya aina moja, kwa maana "saa nane" ya fundi na "8" ya kompyuta si kitu kimoja, na ukichanganya mbili hizo utaiweka kazi ya mchana kwenye usiku wa manane. Kisha kuna mashine ya ndani na poti yake, mashine ya nje, na poti 445 ambayo Windows huitumia kugawana mafaili. Kistari ni safu ya huduma, ambayo Zeek haikuitambua. S0 maana yake mashine yetu imebisha hodi na haikujibiwa. Pakiti tatu zimetoka, sifuri imerudi. Mstari mmoja wa namna hii si kitu. Mistari 400 ndani ya dakika tano, kila mmoja ukielekea anwani tofauti, ni kompyuta iliyoambukizwa inayotafuta wenzake, kwa sababu karani wa kawaida hana safari ya kwenda poti 445 ya dunia nzima.

Mfano huo unakuonyesha nini cha kumpa modeli. Muunganisho mmoja mmoja hausemi mengi. Tabia ya mashine ndani ya kipindi ndiyo inayosema. Kwa kila mashine ya ndani, kila dakika 5, hesabu: imefikia anwani ngapi tofauti, poti ngapi tofauti, sehemu gani ya miunganisho imeishia S0 au REJ (imekataliwa), baiti zilizotoka na zilizoingia, maswali mangapi ya DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), na mangapi yamejibiwa kwamba jina halipo. Ongeza kipimo cha ulinganifu wa vipindi kati ya muunganisho na muunganisho kwenda anwani ile ile, yaani mkengeuko wa kawaida gawanya kwa wastani. Programu hasidi inayopiga ripoti kwa bwana wake kila sekunde 60 itatoa namba ndogo sana. Programu za kawaida zinazotafuta masasisho nazo hutoa namba ndogo, kwa hiyo kipimo hiki kisibaki peke yake.

Anwani za IP, namba ya muunganisho, poti ya mtumaji na muda kamili visiingie kwenye modeli. Ukiviacha, modeli itakariri kwamba mashine ya 37 ni mbaya, basi. Baiti na idadi zigeuze kwa logariti kwanza, maana upakuaji mmoja wa video hufanya siku nzima ya mashine nyingine ionekane sifuri.

Simu zina tabu yake. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia anwani ya MAC (namba inayotambulisha kadi ya mtandao) kwa kila Wi-Fi, kwa hiyo usijenge historia ya simu moja kwa miezi. Ichukue kwa siku. Tenganisha VLAN ya wanafunzi na ya ofisi, na ufundishe modeli mbili. Na ukiona simu ina miunganisho mingi bila swali hata moja la DNS, mara nyingi imewekewa DNS iliyosimbwa, si uvamizi.

Kuficha utambulisho kunafanywa kabla data hazijatoka chuoni. Wengi huipitisha anwani ya IP kwenye hashi tupu (fomula inayogeuza anwani kuwa msimbo, bila ufunguo) wakadhani wamemaliza. Anwani zote za IPv4 ni kama bilioni 4.3, kompyuta mpakato huzijaribu zote na kurudisha kila anwani ilikotoka. Tumia njia yenye ufunguo wa siri, kama Crypto-PAn, ambayo pia huhifadhi ujirani wa anwani, ili mashine za idara moja zibaki kundi moja. Ufunguo ukae kwa taasisi.

Kufundisha, na namba inayostahili kuaminiwa

Huna lebo, hakuna mtu aliyekaa akaandika mstari upi ni uvamizi. Kwa hiyo anza na modeli inayojifunza ya kawaida na kuashiria yasiyo ya kawaida. Isolation Forest ya Liu, Ting na Zhou, ya 2008, inatosha kabisa: miti 100, sampuli 256 kwa kila mti, na inafundishika kwa dakika chache bila kadi ya michoro. Mitandao ya neva ya kina iongeze baadaye, na uieleze kwa nini imezidi. Nimeona tasnifu zilizoanza na modeli kubwa zikakosa cha kulinganisha.

Kabla ya wiki za mafunzo, omba fundi asasishe na kukagua mashine zote. Ukifundisha kwenye mtandao ulioambukizwa, modeli itaupokea ugonjwa kama afya.

Gawa data kwa muda: wiki 1 hadi 6 za kufundishia, 7 na 8 za kuchagua kizingiti (alama ambayo ikivukwa kengele inapigwa), 9 hadi 12 za mtihani, na za mtihani usiziguse mpaka mwisho. Mgawanyo wa kuchanganya kwa bahati nasibu, ambao ndio wa kawaida kwenye mafunzo ya Python, unavujisha majibu: mashambulizi huja kwa makundi, na nusu ya kundi ikiwa kwenye mafunzo, nusu nyingine kwenye mtihani si mtihani tena.

Kwa mashambulizi ya kupimia, tengeneza maabara yako yenye swichi isiyounganishwa na chuo. Endesha uchunguzi wa poti kwa Nmap, wa haraka na wa polepole. Ubahatishaji wa nywila za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali). Na programu ndogo inayopiga ripoti kila dakika. Tumia mashine kadhaa zenye mifumo tofauti, vinginevyo utarudia kosa la TTL. Ukinasa kwenye mashine ile ile inayoshambulia, iambie Zeek ipuuze ukaguzi wa jumla (checksum, namba ya kuhakiki kwamba pakiti haijaharibika) kwa alama -C, la sivyo itatupa pakiti zinazotoka, kwa kuwa kadi ya mtandao huijaza jumla hiyo dakika ya mwisho.

Sasa kizingiti, na hapa ndipo tasnifu inapopimwa. Chukua miunganisho 200,000 kwa siku, 20 ikiwa ya uvamizi. Modeli inayokamata asilimia 99 ya uvamizi na kukosea kwenye asilimia 1 tu ya miunganisho safi inasikika vizuri. Itakamata karibu yote 20, na itapiga kengele 2,000 za uongo. Katika kila kengele 100, kama moja ndiyo ya kweli. Fundi ataizima wiki ya kwanza, na atakuwa na haki.

Anza kwa kumwuliza fundi: kwa siku unaweza kufuatilia kengele ngapi? Akisema tano, hesabu nyuma. Mashine 60 mara vipindi 288 vya dakika tano ni vipindi 17,280 kwa siku. Tano kati ya hivyo ni kama asilimia 0.03. Kizingiti chako ni alama ambayo asilimia 0.03 tu ya vipindi vya wiki 7 na 8 imeivuka. Kisha ripoti: kwa kengele tano kwa siku, ni mashambulizi mangapi ya maabara yamekamatwa, ya aina gani, na yamechukua dakika ngapi kuonekana. Uchunguzi wa polepole, poti moja kila dakika kumi, pengine utapita bila kuonekana. Uandike hivyo hivyo.

Kengele za uongo zitakazokuja

Kubwa ni kurudi kwa umeme. TANESCO ikirudisha, mashine zote zinaamka pamoja, zinauliza DNS, zinatafuta masasisho, na nusu ya miunganisho inaishia S0 kwa sababu ruta bado haijapata laini. Modeli itaona shambulio la chuo kizima. Rekodi muda wa kila kukatika, kwa UPS inayoandika kumbukumbu au kwa daftari la fundi, na weka alama kwenye dakika 20 za kwanza baada ya umeme kurudi. Usizifute. Mshambuliaji naye anaweza kuamka dakika hizo, kwa hiyo zipewe kizingiti chake.

Ramadhani hubadilisha saa za mtandao wa hosteli: watu wako macho kwa daku, na alasiri kunapoa. Modeli iliyofundishwa Rajabu na Shaabani ikiwa na saa ya siku kama kipimo itapiga kelele kila alfajiri. Ama ondoa saa kwenye vipimo, ama hakikisha wiki zako za mafunzo zina Ramadhani ndani yake. Likizo, wiki ya usajili na wiki ya mitihani zina athari ile ile, ingawa ndogo. Laini ikielemewa au kukatika, S0 zitapanda kwa mashine zote kwa pamoja, na hicho ndicho kitambulisho chake: uvamizi huanza na mashine moja au mbili, tatizo la laini huwapata wote.

Kufundisha upya kila wiki kunasaidia, lakini usikuache kujiendeshe. Mvamizi mvumilivu anayeongeza shughuli zake kidogo kidogo ataizoesha modeli. Tunza modeli ya mwanzo, na kila mwezi pima data mpya kwa zote mbili. Mashine inayoonekana safi kwa mpya na mbaya kwa ya zamani ikaguliwe kwa mkono.

Siku modeli itakapokamata kitu cha kweli, wewe si polisi na mashine si yako. Mwite fundi, chomoa kebo ya mtandao ya mashine hiyo na uiache imewaka, maana ushahidi mwingi uko kwenye kumbukumbu inayofutika ikizimwa. Piga picha ya skrini, andika saa, hifadhi conn.log na dns.log za siku tatu zilizotangulia. Taarifa kwa TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, itolewe na taasisi, kwa jina lake, na barua yako ya idhini iwe imeeleza hilo tangu mwanzo, pamoja na nani atakayefuta data ghafi utafiti ukiisha na mbele ya shahidi gani.